Wa Huku na wa Ng'ambo

Daftari langu la mahudhurio lilikuwa na jina lililoandikwa mara mbili, moja chini ya jingine. Mkaguzi mmoja aliwahi kulitia alama ya kuuliza kwa penseli, akidhani nilisinzia nikarudia mstari. Sikusinzia. Walikuwa wasichana wawili wenye jina moja, na hata majina ya baba zao yalifanana, maana kwenye mto huu watu hurithi majina ya mababu na majina yenyewe si mengi. Silitaji hapa. Kila asubuhi nililiita mara ya kwanza akaitika mmoja, nikaliita mara ya pili akaitika mwenzake. Mwaka ule mto ulipopanda ulimchukua mmoja wao, na kazi ya kumwambia mama ni yupi ikaniangukia mimi.

Shule yetu iko nje kidogo ya Garsen, ukielekea Minjila, ndani ya lililokuwa ghala la mpunga. Ni sekondari ya serikali, ina hati zake zote, ila wanafunzi wake ni wale walioachwa na shule nyingine au walioziacha wenyewe. Kuna wasichana waliojifungua wakiwa darasa la nane. Kuna vijana waliofuata ng'ombe mpaka Nanighi wakarudi wana ndevu. Kuna waendesha bodaboda, na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa kidato kimoja mbele yake na hakumwacha apumue nyumbani. Kengele yetu hulia saa nne, ng'ombe wakiwa wameshanyweshwa na watoto wameshanyonya. Wachanga hulala juu ya leso chini ya mti wa mkilifi, na somo la hesabu husimama mmoja wao akilia. Sare ni sweta ya kijani basi, na kwa joto la Garsen hakuna anayeivaa, huifunga kiunoni.

Mimi ni mtu wa Kipini, nafundisha Kiswahili, na nina ulimi. Nakubali. Garsen kila mtu ana lugha ya nyumbani kwake, na Kiswahili ni cha kukutania sokoni. Mtu akikuambia "maji imejaa" umeelewa, mnaendelea na biashara. Lakini mimi simwachi apite. Humsimamisha hapo hapo, hata kama ananiambia nyumba inaungua, arudie kwa ngeli yake. Niliwafundisha pia kuitika kama watu: mwanamume "Naam," mwanamke "Abee." Sio "Nini?" Sio "Eeeh?" Waendesha bodaboda walilifanya kichekesho, wakawa wanaitana stendi na kuitikiana "Abee" kwa sauti za kike. Wasichana wenyewe walilipenda, na wale wawili zaidi ya wote.

Wanafunzi waliwatofautisha kwa kusema wa huku na wa ng'ambo. Wa huku aliishi na mama yake, mjane, hatua chache kutoka shuleni. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na kwa mwandiko wake nilimwachia yeye kuandika ubaoni. Wa ng'ambo alivuka mto kila siku kwa mtumbwi, mtoto mgongoni, na aliingia darasani pindo la leso yake likiwa limelowa. Hakuwa msemaji. Kwa jina la kwanza aliitika wa huku, kwa la pili wa ng'ambo, na sikuhitaji kuinua macho.

Kwetu Kipini ukisema ng'ambo hakuna wa kukuuliza ni wapi. Mji ni mmoja, mdomo wa mto ni mmoja, na ng'ambo ni upande ule. Kwa hiyo neno hilo nilikuja nalo Garsen likiwa limekamilika, na sikuona haja ya kulifikiria tena.

Mto wetu hupanda jua likiwaka. Ndilo jambo ambalo sijalizoea mpaka leo. Mvua hunyesha huko juu bara, kwetu mbingu ni nyeupe na vumbi liko pale pale, na maji yanakuja bila kelele. Mwaka ule tulijua kwa sisimizi. Walipanda ukuta wa darasa kwa mstari mmoja, wamebeba mayai yao, wakaingia kwenye mapaa. Nilikuwa nasomesha insha. Wanafunzi waliacha kuandika, wote, wakawa wanawatazama. Mmoja akaanza kufunga vitabu vyake taratibu na wengine wakafuata, nikajikuta nimebaki na chaki mkononi nikiongea peke yangu.

Wa huku aliniomba ruhusa siku hiyo hiyo. Bibi yake alikuwa na shamba ng'ambo na mahindi hayajavunwa; alitaka kuvuka akamsaidie kabla maji hayajafika, halafu wapande na bibi mahali pa juu. Nilimruhusu. Alifunga sweta kiunoni, kisha akabadili mawazo akaiacha imetundikwa kwenye msumari karibu na ubao, akasema ataichukua Jumatatu.

Jumatatu hapakuwa na shule. Barabara ya kwenda darajani ilikuwa chini ya maji, mitumbwi imezuiwa, na mtandao wa simu unakuja dakika tano unapotea siku mbili. Tuliokuwa upande wa Garsen tukawa kwetu, na wa upande ule wakawa kwao.

Simu ililia siku ya nne au ya tano, mchana. Alikuwa mwanafunzi wangu mmoja, mwendesha bodaboda, ambaye kwao ni upande wa pili. Sauti yake ilikuja vipande vipande.

"Madamu, yule wa ng'ambo... maji imemchukua."

Nitasema nilichofanya, kwa sababu nimekificha vya kutosha. Nilimkosoa. Kabla sijauliza vipi, kabla sijasema innalillahi, mdomo wangu ulikuwa umeshatoa neno.

"Yamemchukua," nikasema.

"Ndiyo, madamu. Yamemchukua. Mtumbwi ilipinduka... Mwambie mama yake."

Simu ikakatika. Nilisimama nikiwa nimeishika. Niliona ajabu kwamba ananiambia mimi nimwambie mama wa yule msichana, ilhali mama huyo yuko huko huko kwao, jirani naye. Nikasema moyoni, kijana amechanganyikiwa. Nililia, hilo si uongo. Nilimlilia yule msichana mkimya na mtoto aliyemwacha. Halafu nikatoa daftari sandukuni, nikaweka rula chini ya jina la pili, nikapiga mstari mwekundu, na pembeni nikaandika kwa herufi safi: marehemu.

Kesho yake mama wa yule wa huku akaja. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna mtumbwi umepinduka ng'ambo na kwamba ni mwanafunzi. Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akasimama mlangoni kwangu.

"Sio wako," nikamwambia, nikamshika mabega. "Mama, tulia. Nimepigiwa simu. Ni yule mwenzake, yule wa ng'ambo. Wako mzima."

Akakaa chini pale pale kwenye kizingiti. Alimwombea yule mwingine, akamtaja mama yake kwa huruma, akasema atakwenda kumpa pole maji yakishuka. Kisha akaniomba maji ya kunywa. Namkumbuka akinywa, koo lake likipanda na kushuka, na mimi nikijiona mtu mwema.

Siku mbili tatu baadaye tulikutana njiani. Alikuwa na uso mkunjufu.

"Mwalimu, mwanangu nimemsikia."

"Umepata simu?"

"Simu wapi. Jioni nilisimama pale ukingoni, kwa bibi yake ni ng'ambo yangu, nikamwita. Akaitika."

Nilimwambia twende wote nisikie. Sijui kwa nini nilitaka kusikia. Labda nami nilihitaji kitu. Jioni ile tulisimama ukingoni, pale maji yalipokuwa yamemeza nusu ya mashamba. Upande wa pili huoni mtu, unaona tu vichwa vya migomba vimetokeza majini na moshi nyuma yake. Mama akaweka viganja mdomoni akaita jina lile, akilivuta silabi ya mwisho. Tukangoja. Maji yalipita na gogo, na nyuma ya gogo kuku mzima amesimama juu ya kipande cha paa. Halafu kutoka ng'ambo, mbali, sauti nyembamba ya msichana:

"Abeee!"

Nywele za mikono zilinisimama, na mara ile nilidhani ni furaha. Nani mwingine katika mto mzima angeitika vile isipokuwa mwanafunzi wangu? Mwenzake amekwenda na maji. Aliyebaki ni huyu. Mama alicheka na machozi. Akaita mara nyingine kwa kunogewa tu, na sauti ikaitika tena, ila safari hii ilichelewa. Nilimwambia, "Si nilikwambia?" Ndiyo, nilisema hivyo.

Akawa anakwenda kila jioni. Majirani walizoea.

Maji yaliposhuka tulifungua shule kwa majembe, kutoa matope. Ukutani palibaki mstari wa kahawia usawa wa kifua changu, umenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupiga. Ubao ulikuwa umegawika. Chini ya mstari chaki yote imeoshwa. Juu yake mwandiko wa wa huku ulikuwa mzima, tarehe na kichwa cha insha, na chini ya kichwa maneno mawili ya kwanza ya sentensi. Sweta yake ilikuwa bado kwenye msumari. Sehemu ya chini ilikuwa imegeuka ngumu kwa tope, na mikono ilikauka ikiwa imekunjika mbele. Mwanafunzi mmoja alitaka kufuta ubao nikamkataza, nikasema mwenyewe yuaja atamalizia. Mama yake alikuja akaichukua ile sweta, akaifua, akairudisha msumarini, mwanawe aikute.

Siku ya kwanza ya masomo walifika kama kumi na watano, wa upande wetu tu, maana mitumbwi iliruhusiwa kuvuka asubuhi ile ile. Tuliwaombea marehemu, Waislamu na Wakristo pamoja. Nikafungua daftari. Nilipofika kwenye lile jina nililiita mara moja, la kwanza. Kimya. Sikushangaa, nilijua bado yuko kwa bibi yake. Nikaruka mstari mwekundu nikaita jina linalofuata.

Hakuna aliyeitika. Nikaita tena jina hilo la tatu, na mwenyewe nilimwona ameketi, mdomo wazi, anatazama mlango.

"Madamu, hujaniita," sauti ikasema.

Alisimama mlangoni na jua nyuma yake. Leso imelowa pindo, mtoto mgongoni amelala. Alikuwa amekonda. Nilimwogopa. Watu husema waliganda. Mimi sikuganda, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ubaoni, na baadaye nilikuta chaki ya mwandiko wa mwenzake imenikaa kwenye buibui. Nyuma ya darasa kuna msichana alianza kusoma sala kwa sauti ya chini. Mmoja akaufunika uso wa mwanawe.

Yeye alibaki pale pale. Alitutazama mmoja mmoja, hajui amekosa nini.

"Umeniita mara moja," akasema tena. "Hilo ni lake. Langu ni la pili."

Yule mwendesha bodaboda aliingia nyuma yake, wamevuka mtumbwi mmoja. Nikamrukia yeye, maana kwake niliweza kuwa na hasira.

"Wewe! Si ulinipigia ukaniambia ni wa ng'ambo?"

"Ndiyo, madamu."

"Na huyu ni nani?"

Alimtazama msichana, akanitazama mimi. Sijapata kuona mtu akielewa jambo polepole namna ile.

"Madamu," akasema, "mimi nilikuwa kwetu. Kwetu pale, ng'ambo ni huku." Akaonyesha sakafu ya darasa kwa kidole. "Nilisema yule wa ng'ambo. Wa hapa. Wa kwenu. Nilikuambia umwambie mama yake." Kisha akauliza kwa sauti iliyokatika: "Hukumwambia?"

Wanafunzi wa upande wangu walikuwa wameinamisha vichwa. Wao walielewa mara moja. Kwenye mto huu ng'ambo si mahali. Ni upande ambao wewe hukusimama, na kila mtoto hapa anajua hivyo kabla hajajua kuoga. Ni mimi tu, mwalimu wa lugha, nisiyejua.

Hawakumpata, wakaniambia. Walimtafuta siku tatu wakiogopa mamba, wakaomba pale ukingoni na bibi akanyolewa nywele kwa msiba. Walishangaa mama haji wala haulizi, wakasema maji yamemzuia.

Nilifunga daftari. Nilitamani mtu mwingine aende. Mwalimu mkuu alikuwa Hola, na hata angekuwepo, ni mimi niliyemshika yule mama mabega. Nikaenda, na msichana akanifuata bila kuombwa, mtoto mgongoni.

Mama alikuwa anaanua mahindi yaliyoota ukungu kwenye turubai. Aliniona mimi kwanza, akatabasamu. Halafu akamwona aliyekuwa nyuma yangu.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Sikuhitaji hata moja. Alimtazama yule msichana miguuni, kama anahakikisha inakanyaga chini, akapandisha macho mpaka kwa mtoto, akayarudisha kwangu.

"Huyu ndiye uliyesema amekufa," akasema.

"Mama, nili..."

"Kama huyu yuko hapa," akasema polepole, "wangu yuko wapi?"

Nadhani alisoma jibu kwenye uso wangu. Alikunja pembe moja ya turubai, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hapana," akasema. "Mwanangu anaitika. Jana ameitika. Wewe mwenyewe ulisikia, mwalimu."

Hapo ndipo msichana aliposogea mbele. Alipiga magoti kwenye mahindi.

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekuwa naitika." Alikuwa analia lakini sauti ilitulia. "Kwetu ni karibu na kwa bibi, niliijua sauti ni yako. Nilidhani umeshaambiwa, nilidhani unamlilia. Na jina ni langu pia. Niliona vibaya uwe unaita kila siku na hakuna wa kukuitika."

Nilingoja ampige. Nilingoja anipige mimi, na ningeshukuru. Yeye alimfuta yule msichana chenga za mahindi magotini, akamwinua. Kisha akaingia ndani, akatoka na leso nyeusi begani.

"Twendeni," akasema.

Tulikwenda ukingoni watu watatu na mtoto mchanga. Jua lilikuwa bado liko juu, haikuwa hata saa yake ya kawaida. Maji yalikuwa yameshuka sana. Ng'ambo ilikuwa karibu kuliko nilivyoidhania, unaona kabisa mlango wa kibanda na mbuzi amefungwa. Mama alimgeukia msichana.

"Nitamwita. Wewe usiitike."

Msichana akatikisa kichwa kukubali, akajaza pindo la leso mdomoni akaliuma.

Mama akaweka viganja mdomoni, akaita. Jina likavuka maji, likagonga ukingo wa pili, na mbuzi akainua kichwa. Nilimwona msichana kifua kikimpanda, neno limefika kooni, mazoea ya kila siku. Alilizuia. Mama akaita mara ya pili, akaivuta silabi ya mwisho mpaka pumzi ikamwishia. Mimi nami nilikuwa nangoja. Nilikuwa mtu mzima nimesimama kwenye jua nangoja, na kama sauti ingetoka ningeiamini.

Aliita mara ya tatu kwa sauti ndogo, ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Tukasikiliza maji tu.

Alishusha mikono. Akajifunika ile leso nyeusi kichwani, akaifunga, akanigeukia mimi.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sasa nimeambiwa."